Gavana anasaini noti "Oya"

UKOO WA UJIJI (kikundi)

Hamisi Dar: [picha] Fulana ya Karume hii, elfu nne tu. Semeni ukweli, nimependeza sijapendeza?

Shangazi Mwajuma: Umependeza. Huyo mwenye ndevu ni nani, mwanamuziki?

Hamisi Dar: Shangazi jamani! Che Guevara huyo.

Shemeji Masasi: Che? Kumbe mtu wa kwetu 😂 Che Saidi, Che Guevara. Sisi Wayao mtu mzima mwenye heshima zake tunamtangulizia Che.

Hamisi Dar: Shemeji, huyu Mwajentina. Myao wapi na wapi.

Bibi: Sasa Che ni jina lake au cheo

Zuhura Ajentina: Shikamoo Bibi, shikamoo Shangazi. Si jina wala si cheo. Aliitwa Ernesto. Che ni neno la mtaani tu, mie nalisikia huku kutwa.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Umekula?

Zuhura Ajentina: Nimekula Bibi, huku saa tisa mchana. Basi wiki ya kwanza nafika Buenos Aires, kwenye basi nasikia che, foleni ya mkate che, watoto wanagombea mpira che che che. Nikajisemea, hawa wanampenda marehemu wao! Kumbe ni oya.

Shemeji Masasi: Oya ya konda?

Zuhura Ajentina: Hiyohiyo. "Che, vení", oya njoo. Lakini ikikaa mwishoni inakuwa kama bwana yetu. "Qué frío, che", baridi hii bwana. Hamisi akiniambia "acha bwana Zuhura", mie bwana kwa lipi? Ndivyo na che ilivyo. Ukiitafuta maana yake huioni, ukiitoa sentensi inapoa.

Shangazi Mwajuma: Sasa yeye ikamgandaje mpaka kwenye fulana?

Zuhura Ajentina: Alikutana na Wacuba Guatemala miaka ya 50. Wao hawana neno hilo, wakamsikia kila akifungua mdomo che. Wakambandika. Mapinduzi yakashinda, mwisho wa 1959 akapewa Benki ya Taifa ya Cuba aiongoze. Noti akazisaini "Che", basi.

Shangazi Mwajuma: Yaani gavana anasaini noti "Oya" 😂😂😂

Shemeji Masasi: Mie bado nadai ni Myao.

Zuhura Ajentina: Foleni ya wanaodai ni ndefu shemeji. Kuna Wamapuche, wenyeji wa Chile na Ajentina: kwao che ni mtu, mapu ni ardhi, ndiyo jina lao, watu wa ardhi. Wapo Waguarani wa Paraguay, kwao che ni "mimi" au "-angu". Wapo na watu wa Valencia kule Hispania, nao wanaitana hivyohivyo, hadi timu yao ya mpira ina jina hilo la utani. Wataalamu hawajaelewana mpaka leo. Yenu ya Masasi naona ni sadfa tu, usianze kudai urithi.

Shemeji Masasi: Lakini che ni mtu, na kwetu Che ni mtu wa maana. Nimeishia hapo.

Hamisi Dar: Kwa hiyo nikija huko kila mtu namwambia che?

Zuhura Ajentina: Wa rika lako. Mzee usiyemjua mwite señor kwanza. Ila che haiumizi sana, kazi ni mwenzake, boludo. Wanatembea pamoja: "che, boludo". Vijana darasani wanaambiana kutwa huku wamekumbatiana, kama nyie mnavyoitana fala. Mie nikadhani ni "rafiki". Nikaingia duka la mikate, mzee wa watu ananihudumia vizuri, namwambia kwa mbwembwe "gracias, boludo". Aliganda na koleo hewani, mkate umening'inia. Halafu akaniuliza taratibu, binti, nani anakufundisha Kihispania?

Shangazi Mwajuma: 🙈 Maana yake nini?

Zuhura Ajentina: Bibi yupo humu.

Bibi: Nipo ndiyo. Sema

Zuhura Ajentina: _Ujumbe huu umefutwa_

Bibi: Nimeshasoma. Hata wa Ujiji wanayo hiyo

Hamisi Dar: 😂😂 Bibi!! Haya, mnajua huyu jamaa alipita hapohapo Kigoma? Aprili 1965, kwa siri, wakavuka ziwa usiku kwenda Kongo kuwasaidia waasi. Wacuba wakapeana majina ya Kiswahili kwa kuhesabu. Kamanda mwenzao Dreke akawa Moja, mwingine Mbili, yeye akawa Tatu.

Bibi: Tatu jina la mwanamke. Marehemu dada yangu alikuwa Tatu

Zuhura Ajentina: Wacuba wangejulia wapi Bibi 😂 Huku anajulikana kwa oya, huko akaitwa jina la dada yako.

Shangazi Mwajuma: Na mama hukumwona?

Bibi: Ningemwona wapi, nilikuwa mtoto nachota maji. Tulijua ng'ambo kuna vita, wakimbizi wanashuka. Hayo ya Wacuba nimesikia ukubwani

Hamisi Dar: Novemba wakarudi, mambo yalishagoma. Ila mwenzao mmoja walimpa jina Tumaini, akaenda nalo mpaka Bolivia, wakamkatia kuwa Tuma. Akafia hukohuko 1967, na Tatu mwenyewe mwaka huohuo.

Shemeji Masasi: Mungu awarehemu. Tuma jina zuri.

Bibi: Che Hamisi

Hamisi Dar: Naam Bibi 😂 hiyo ni Che ya Masasi au ya Zuhura?

Bibi: Elfu nne ya fulana mimi ningekula migebuka siku mbili. Tuma kwanza. Na ya kutolea