Corolla ya 1998 inachemsha barabara kuu lakini kwenye foleni haina shida: tatizo linaweza kuwa wapi?

Dereva wa Mbezi

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba msaada wa mawazo kabla sijatumia tena fedha bila kujua ninatibu ugonjwa gani. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998, ile ya AE110 yenye injini ya 5A-FE na gia za otomatiki. Mjini gari halina neno. Naweza kukaa kwenye foleni ya Ubungo hadi Kimara saa nzima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na mshale wa joto ukabaki chini kidogo ya nusu.

Taabu huanza nikishavuka Kibaha na kushika mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Baada ya robo saa hivi mshale huanza kupanda taratibu, na nikipunguza mwendo hushuka. Wiki mbili zilizopita nilikuwa naelekea Iringa. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako tunatakiwa kwenda kilomita 50, mshale ulirudi wenyewe mahali pake. Nilipotoka hifadhini na kukanyaga mafuta ukapanda tena, na mlima wa Kitonga ndio ulionimaliza. Nilisimama kando ya barabara, maji yakitokota ndani ya tenki la akiba, na watoto wakiwa wamekaa juu ya mawe wakisubiri gari lipoe.

Fundi wa kwanza alibadilisha mota ya feni, hali ikabaki vile vile. Wa pili alitoa themostati, ile vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini, akisema nchi ya joto kama yetu haiihitaji. Baada ya hapo gari likaanza kuchemsha mapema zaidi. Wa tatu anataka kufungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Nikiri pia kwamba tangu mwaka jana nimekuwa nikiongeza maji ya kisima cha nyumbani badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Naombeni mwongozo.

Fundi wa Keko

Pole sana kwa safari, na ahsante kwa kueleza kwa utaratibu, maana mshale wako umeshasema mengi. Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, tunaishuku feni kwanza. Lako linafanya kinyume, kwa hiyo mota ya feni ilibadilishwa bure: kwenye kilomita 100 upepo unaopita kwenye grili ni mwingi kuliko ule ambao feni ingeweza kuuvuta. Injini inayokwenda mbio huchoma petroli nyingi kwa kila dakika, na joto ambalo maji yanapaswa kulibeba huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Rejeta, kile kipozeo cha maji kilicho mbele ya injini, ikiwa imeziba nusu inaweza kutosha kabisa kwenye foleni, ambako injini inatoa joto dogo, na ikazidiwa pale unapodai kazi yote. Kushuka kwa mshale ndani ya Mikumi kunanielekeza huko huko.

Kabla ya jambo lolote, rudisha themostati. Kwenye injini hii imekaa upande ambao maji yaliyopoa huingilia, na ina vali mbili: kubwa hufungua njia ya kutoka kwenye rejeta, na ndogo iliyo nyuma yake huziba njia ya mkato kadiri ile kubwa inavyofunguka. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto huzunguka na kurudi kwenye injini bila kupitia rejeta hata kidogo. Ndiyo sababu hali yako ilizidi kuwa mbaya. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinakataza kuitoa, hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, na inaniuma kila ninapoona mwenye gari ametozwa fedha kwa kazi hiyo.

Nunua ya nyuzi 82, kisha uitundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse kitako cha sufuria. Inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye pini inayochezacheza kielekezwe juu ili hewa ipate pa kutokea.

Halafu ipime rejeta. Endesha gari mpaka lifikie joto lake la kazi, zima injini na utoe ufunguo, kwa sababu feni inaweza kuwaka ghafla. Chukua kipimajoto cha kuelekeza, kile kinachofanana na bastola. Cha kupimia homa za watu hakifai, kwa kuwa hakifiki nyuzi tunazozitaka. Upande wa mbele umefunikwa na kondensa ya kiyoyozi, kwa hiyo pima kutokea upande wa injini, ukienda kutoka juu kushuka chini na kutoka kushoto kwenda kulia. Joto linatakiwa kupungua polepole kuelekea chini. Ukikuta eneo ambalo limepoa ghafla huku jirani yake ni moto, ujue mirija ya hapo imeziba na maji hayapiti. Maji ya visima vya pwani yana chumvi na madini mengi, na yasipokuwa na dawa ya kuzuia kutu, kutu na magamba hujijenga ndani ya mirija ambayo tangu mwanzo ni myembamba.

Tazama pia kama plastiki ya chini ya bampa bado ipo. Wengi huing'oa ikishagongwa na haionekani kuwa na kazi, lakini gari likikimbia hiyo ndiyo inayolazimisha upepo upite ndani ya rejeta badala ya kuteleza chini yake.

Msafiri wa Voi

Naunga mkono maelezo ya fundi, na ninaongeza jambo la mpira wa chini wa rejeta, yaani bomba la kupitishia maji, kwa sababu uliwahi kunisumbua miezi mitatu kati ya Voi na Mtito Andei. Mpira huo uko upande ambao pampu ya maji inavuta. Rejeta ikiziba, au mpira ukizeeka na kulegea, au ile springi ya ndani ikiliwa na kutu, mvuto wa pampu kwenye mzunguko mkubwa huubana mpira na kuzuia maji. Injini ikirudi kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta, mpira hurudi umbo lake na fundi haoni kasoro yoyote. Mimi nilimwomba mwenzangu akanyage mafuta hadi mizunguko 3,500 kwa dakika injini ikiwa ya moto, nikamulika tochi kutokea pembeni, mikono ikiwa mbali na feni na mikanda. Mpira ulikuwa umebonyea pande zote mbili mpaka karibu kugusana. Sikuhitaji maelezo mengine.

Mfuniko wa rejeta nao usiupuuze. Ule wenye alama ya 0.9 hushikilia shinikizo ambalo, kwenye usawa wa bahari, huyapandisha maji matupu hadi karibu nyuzi 119 kabla hayajachemka. Mpira wake ukichakaa, maji yatachemka kwenye nyuzi 100, na ukipanda nyanda za juu kama Iringa yatachemka mapema zaidi, kwenye nyuzi 95 hivi. Huenda hilo lilichangia yaliyokupata Kitonga. Bei yake ni ndogo, badilisha tu. Na tafadhali, usiufungue mfuniko huo injini ikiwa ya moto, hata ukiwa na haraka kiasi gani.

Mama Gereji

Kuhusu silinda hedi: usikubali ifunguliwe kwa kubahatisha. Kweli gasketi yake, kile kizibo kati ya hedi na injini, ikianza kuvuja inaweza kuonyesha dalili kama zako, kwa kuwa gesi ya mwako hupenya kwenye maji pale tu injini inapobeba mzigo. Lakini inapimika bila kufungua bolti hata moja. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, washa, na uangalie shingo ya rejeta: mapovu yasiyokoma hata baada ya hewa ya kawaida kutoka ni dalili mbaya. Mpira wa juu ukikakamaa dakika moja tu baada ya kuwasha, hiyo nayo ni dalili mbaya. Kipimo cha kuaminika zaidi ni ile dawa ya buluu ambayo hugeuka njano ikikutana na gesi ya mwako. Gereji nyingi kubwa za mjini wanayo. Ipimwe baada ya safari ya mwendo kasi, si baada ya gari kulala.

Angalia pia taimingi ya plagi, yaani wakati inapotoa cheche, kwa taa yake. Ukiwa umeunganisha vituo vya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, inatakiwa isome nyuzi 10 za mzunguko (si za joto) kabla pistoni haijafika kilele. Ikichelewa, joto huongezeka na gari huwa zito mlimani. Na baada ya safari gusa rimu zote nne kwa tahadhari. Breki inayonata huipasha rimu yake moto na huifanya injini ihangaike njia nzima.

Dereva wa Mbezi

Shikamoo, Fundi, na ahsanteni nyote. Nimefuata mlivyoelekeza na narudi na majibu.

Dawa ya buluu ilibaki buluu, na tulipima mara mbili, mara ya pili tukitokea Kibaha. Taimingi iko kwenye nyuzi 10 na breki hazinati. Lakini rejeta! Juu ilisoma nyuzi 91. Nikishuka upande wa kushoto zikawa 84, kisha 78, kama ilivyoelezwa. Upande wa kulia, kuanzia katikati kwenda chini, ilisoma 47. Nilidhani kipimo kimekosea, nikarudia, na jibu likawa lile lile. Tulipoifungua na kuimimina, yalitoka maji ya rangi ya matofali yenye vigamba. Mpira wa chini nao ulikuwa unabonyea kwenye mizunguko 3,500, na ndani yake springi imebaki vipande viwili vya kutu.

Fundi wa hapa anasema anaweza kuifungua rejeta, kuizibua kwa waya na kuirudisha. Je, nikubali? Na silinda hedi niiache?

Fundi wa Keko

Marahaba, kijana wangu. Kazi nzuri sana.

Usikubali waya. Kuzibua kwa waya kulifaa kwa rejeta za zamani za shaba, ambazo tangi lake lilibanduliwa na kuchomelewa upya kwa risasi. Yako ni ya alumini yenye tangi za plastiki. Ukikunjua meno yanayoshika plastiki mara nyingi hayashiki tena vizuri, na mirija yake hutoboka kwa urahisi. Nunua mpya ya gari la otomatiki, ambayo ina kipozeo cha oili ya gia ndani ya tangi la chini, ufunge vibomba vyake kwa makini na uangalie kiwango cha oili ya gia baadaye.

Kabla ya kuifunga, sukuma maji safi ndani ya injini mpaka yatoke meupe, la sivyo kutu iliyobaki itaiziba rejeta mpya. Badilisha mpira wa chini na mfuniko kwa pamoja. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale yanayoongezwa kwenye betri, lakini soma chupa usije ukachukua asidi. Jaza polepole, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, injini ikinguruma mfuniko ukiwa wazi, mpaka mapovu yakome.

Hedi iache ilivyo. Weka alama kwenye tenki la akiba na uikague kila asubuhi kwa wiki mbili. Kiwango kikishuka bila kuona tone chini ya gari, ipime tena kwa ile dawa ya buluu kabla ya safari nyingine ya Iringa.