Nimemaliza CBG nataka kusomea bahari: utafiti, ufugaji au hifadhi?

bamvua_tga
Habari zenu wakuu. Nimemaliza form six CBG (kemia, biolojia na jiografia), niko Tanga, home wananiambia nisome ualimu maana bahari haina ajira. Mi naona njia tatu: digrii ya sayansi ya bahari niwe mtafiti, diploma ya ufugaji viumbe maji pale chuo cha uvuvi FETA Mbegani, au niingie hifadhi za bahari kama Mafia. Ipi ina maisha? Mliopita huko nisaidieni.

Mpima_Matumbawe
Karibu mdogo wangu. Utafiti nitakwambia wazi, digrii ya kwanza peke yake haitoshi, nafasi za TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) na Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar ni chache na wenye nazo wengi wana masta kwenda juu, kwahiyo miaka ya mwanzo utaishi kwa mikataba ya projekti, ikiisha unatafuta nyingine. Halafu watu wanadhani ni kuzamia kutwa! Ukizamia siku moja kuhesabu matumbawe, siku nyingi baada ya hapo uko kwenye kompyuta. Jifunze takwimu toka mwaka wa kwanza, programu ya R ya kuchambulia takwimu ni bure, QGIS ya ramani nayo bure. Mtu anayejua kuchambua data projekti ya matumbawe ikifa anachukuliwa na ya uvuvi au ya mikoko. Ukifika masta waangalie WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, wanatoa fedha za utafiti kwa watu wa ukanda wetu huu.

mamamwani_unguja
Mwanangu usije ukaona ufugaji ni wa waliokosa digrii. Huku kwetu mwani tunalima tangu 1989, wengi wetu wanawake, na sasa hivi joto linatumaliza. Mwani aina ya cottonii ndo yenye bei lakini maji yakipata moto inapauka inakatika, tumebaki na aina ya spinosum ya bei ya chini. Tunataka vijana waliosoma watutafutie mbegu inayostahimili na watufundishe kulima maji ya kina, maana wengi hatujui kuogelea. Mwani wiki sita hivi unavuna. Jongoo bahari bei yake nzuri ila subira, mwaka au zaidi, na wezi wanakuwinda usiku.

Kijana wa Kwale
Niongezee ya huku Kenya. Gazi kuna mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 jamii inauza kaboni ya mikoko, yaani inalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaifyonza, na pesa zinaenda kwenye maji na shule za kijiji, na nyuma yake kuna wanasayansi wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, waliopima ile miti. Hiyo nayo ni kazi ya bahari na hujashika hata samaki mmoja. Ningekuwa wewe ningeiweka kama njia ya nne.

doria_mafia
Hifadhi sasa. Mafia ni ya kwanza Tanzania, 1995, na kwenu Tanga ipo ya silikanti (yule samaki wa kale) tangu 2009, anza kwa kuomba fildi hapohapo usikimbilie mbali. Kazi ni doria, ndio, lakini kikubwa ni watu: unakaa na wazee wa kijiji mnabishana nyavu za matundu madogo, unamweleza mvuvi kwanini mwamba uliopigwa baruti hauna samaki tena na yeye ana watoto wa kulisha. Kama huna uvumilivu wa vikao hii itakushinda. Msimu wa papa potwe, Oktoba mpaka Februari hivi, wenye cheti cha kuzamia wanapata pia kazi za watalii.

bamvua_tga
Asanteni sana jamani. Nikianza diploma digrii bado naipata?

Mpima_Matumbawe
Unaipata, GPA iwe nzuri tu, na mara nyingi waliopitia diploma wanatuzidi mikono, nyavu wanazijua, boti wanaijua. Kwa maelezo yako mi ningeanza Mbegani na ufugaji, digrii baadae. Ila kabla ya kuomba soma vizuri sifa za kujiunga mwaka huu, na kama hujui kuogelea kwa mbinu, anza wiki hii.

mamamwani_unguja
Na likizo njoo huku, kamba za kufunga mbegu zipo.