Karura, Ngong Road au Arboretum: nimpeleke mama wapi Jumamosi?

DadaWaUmoja · Jumatatu, saa 3 usiku

Habari zenu wapenzi wa kutembea. Mama yangu yuko kwangu tangu wiki jana, ameletwa na kliniki ya macho, na mpaka arudi kwa daktari hana la kufanya. Ana miaka 68. Kwetu ni Shinyalu, karibu kabisa na msitu wa Kakamega, kwa hiyo huyu ni mtu wa kuamshwa na ndege. Sasa yuko Umoja ghorofa ya nne, akifungua dirisha anaona nguo za jirani zimeanikwa. Jana kaniuliza kama huku Nairobi miti hupandwa kwenye mikebe tu.

Nataka kumtoa Jumamosi. Sina gari. Goti lake la kushoto linamsumbua, ila kwenye tambarare anatembea vizuri kuliko mimi. Kuna watoto wawili, wa miaka 6 na 10. Nimesikia habari za msitu wa Karura, msitu wa Ngong Road na Arboretum, ile bustani ya miti. Kati ya hizo tatu, wapi? Picha za mtandaoni nimeshaziona, msinitumie. Namtaka mtu aliyewahi kwenda huko na mzee.

MamaPacha · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Arboretum, dada, usihangaike. Kutoka mjini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kupitia upande wa State House, au bodaboda ukimhurumia mama. Eneo ni dogo, kama hekta 30, kwa hiyo hampotei na goti halitaabiki. Kiingilio si cha kukuumiza. Unatandika shuka kwenye nyasi, watoto wanakimbia, mama ananyoosha miguu.

Tena kuna aina zaidi ya 350 za miti, na mingi ina vibao vya majina. Pale palianzishwa 1907, wakoloni wakijaribu miti ya kutoka huku na huku wapate itakayokua upesi iwe kuni za garimoshi. Ndiyo maana unakuta mti wa Australia umesimama kando ya mti wetu.

Ubaya wake: Jumamosi kuna watu. Kuna maombi ya sauti kubwa chini ya kila mti wa tatu, na maharusi wanapigwa picha. Na tumbili! Mwaka jana mmoja alinyakua mkate mzima mikononi mwa pacha wangu mmoja, akapanda juu akaanza kuula taratibu huku anatutazama.

Baiskeli_Tu · Jumatatu, saa 4 usiku

Arboretum ni studio ya picha, si msitu. Samahani MamaPacha. Karura haina mpinzani. Hekta elfu moja na zaidi, njia za zaidi ya kilomita 50, kila makutano yana namba kwa hiyo hata bila mtandao hupotei. Kuna maporomoko ya maji, kuna mapango ambayo Mau Mau walijificha, kuna mbega. Watoto wakodishie baiskeli palepale. Panda gari za Ruaka au Banana, mwambie konda akushushe geti la Limuru Road, mkabala na ubalozi wa Ubelgiji. Hapo ushafika. Kwisha maneno.

KongoweaBoy · Jumatatu, saa 4:15 usiku

Mwasifu, mwasifu, wala hamna hata mmoja aliyeuliza hilo goti.

Mie nilimpeleka babangu Karura alipokuja kutoka Mombasa. Mzee wa pwani, kazowea nchi bapa. Njia kubwa za juu zote alitembea kama kijana. Tulipofika kwenye maporomoko akasema lazima ateremke akayaone kwa karibu. Kuteremka akateremka. Kupanda ndiko kulikokuwa na kazi! Tulipumzika mara nne, na kila kijana aliyepita akikimbia alimpa shikamoo, mpaka mzee akakasirika, akaniuliza kwani yeye ni maiti?

Kwa hivyo dada, Karura ni nzuri, lakini yaambae maporomoko na mapango. Hiyo ni kazi ya watoto, mama abaki juu na mtu. Tena ni Novemba, mvua za vuli zishaanza. Udongo ule mwekundu ukilowa huteleza kama bamia.

SkautiMstaafu · Jumanne, saa 12 asubuhi

Nimefanya kazi ya kulinda misitu ya jiji hili miaka kadhaa, niwaambie jambo moja kuhusu Ngong Road. Watu wa umri wangu wakisikia jina hilo wanakumbuka habari za miaka ya tisini, maiti kutupwa na magari kuporwa. Jina baya haliondoki upesi. Lakini ukiingia kwa geti lake la upande wa Racecourse, ukamwomba skauti (mlinzi wa msitu) aandamane nanyi, ni matembezi matulivu kuliko Karura yoyote ya Jumamosi. Usiingie kwa vichochoro vya upande wa Kibera wala kutokea barabara ya bypass. Hapo sikuhakikishii.

Sifa yake ni miti ya asili. Utaona muhugu, ule mti ambao wachongaji vinyago wa Ukambani waliupenda mpaka ukawa haba. Unakua polepole mno, na mbao yake ni ngumu na inanukia. Mama wa Shinyalu atauheshimu.

Kasoro yake siifichi. Msitu huu ulitangazwa rasmi 1932 ukiwa na karibu hekta 2,900. Leo zimebaki kama 1,200, nyingine zimekuwa nyumba na barabara. Southern Bypass imepita katikati, na sehemu nyingine unasikia malori kabla hujasikia ndege.

MzeeKijiti · Jumanne, saa 2 asubuhi

Nimekaa Parklands tangu 1981, kwa hiyo niruhusuni kuwa mrefu kidogo.

Vijana mnaitaja Karura kama vile ilikuwepo tu, geti, mgahawa na baiskeli. Mwisho wa miaka ya tisini msitu ule ulikuwa umeshakatwa vipande kwenye karatasi, vipande vimegawiwa watu wa kujenga majumba. Oktoba 1998 waandamanaji waliingia, na mitambo ya ujenzi ikateketezwa. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alikwenda na wenzake, wakiwemo wabunge, kupanda mti mmoja tu getini. Walivamiwa na genge la walinzi wenye rungu na mijeledi. Yeye alipasuliwa kichwa, akaenda polisi kuandikisha malalamiko na kuyatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo kikuu wakafanya maandamano, mji ukanuka moshi wa machozi siku kadhaa. Hapo dunia yote ilikuwa inatazama, na majumba hayakujengwa.

Lakini baada ya hapo msitu ulibaki miaka kumi hivi bila mtu wa kutia mguu kwa amani. Mimi mwenyewe nilikaa karibu yake na sikuingia. Ni ule uzio wa umeme, na jumuiya ya majirani kushirikiana na KFS, shirika la serikali la misitu, uliorudisha watu kuanzia 2011 hivi. Kwa miaka mingi mtu mzima alilipa shilingi 100. Siku hizi malipo ni kwa simu, kwa hiyo usiende ukipunga noti, na utazame kiwango kwenye simu kabla hujatoka nyumbani.

Sasa dada, mbona hakuna aliyekutajia City Park? Iko Limuru Road hiyohiyo, karibu zaidi na mji, ni kama hekta 60 na miti ya asili imebaki ndani yake. Kima wamejaa, watoto watacheka mpaka wachoke. Na kuna kona tulivu alipozikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966, pamoja na mkewe Sheila. Murumbi alitaka kulala karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi Februari 1965 na kuzikwa makaburi ya palepale. Mimi hupita pale nikaketi. Si kila mtu anapenda kutembezwa makaburini, najua, lakini mama wa miaka 68 atayakumbuka majina hayo redioni.

Baiskeli_Tu · Jumanne, saa 2:20 asubuhi

Mzee heshima kwako. Ila City Park mimi siwezi kumshauri mtu aende ndani sana na watoto, wakae sehemu za mbele penye watu.

MzeeKijiti · Jumanne, saa 2:31 asubuhi

Hapo umesema kweli.

KongoweaBoy · Jumanne, saa 3 asubuhi

Na Oloolua je, kule Karen kwenye taasisi ya utafiti wa nyani? Mto Mbagathi wapita ndani, pango lipo, maporomoko yapo, na watu si wengi. Lakini kwa mtu wa Umoja bila gari ni safari ya kutoka dunia moja kwenda nyingine. Nimeitaja tu ili isije ikanuna.

DadaWaUmoja · Jumanne, saa 7 mchana

Asanteni sana, Mzee Kijiti nimemsomea mama yote aliposhiba chai, akasema huyo Wangari alikuwa binti wa kweli. Maswali mawili kabla sijaamua. Chakula naweza kubeba? Na wadudu? Mwanangu mdogo akiona mchwa analia.

MamaPacha · Jumanne, saa 7:20 mchana

Chakula beba, lakini kwenye vyombo. Chupa za plastiki za kutupa zilipigwa marufuku misituni na mbugani tangu Juni 2020, na getini wanapekua mifuko. Mimi hubeba chapati kwenye bakuli la bati na chai kwenye chupa ya chai. Ndizi usithubutu.

SkautiMstaafu · Jumanne, saa 8 mchana

Wakati wa mvua siafu huvuka njia kwa misafara. Suruali ndefu, soksi nje juu ya suruali, na mtu asisimame kupiga picha bila kutazama alipokanyaga. Nimeona mhasibu mzima akivua suruali mbele ya wakwe zake. Mkirudi nyumbani kagueni kupe nyuma ya magoti na masikioni kwa watoto.

Baiskeli_Tu · Jumanne, saa 8:05 mchana

Mhasibu amenimaliza.

DadaWaUmoja · Jumapili, saa 2 usiku

Nimerudi na ripoti. Tulienda Karura, kura ya goti ikashindwa na kura ya watoto. Tulitoka Umoja saa 12 na nusu, magari mawili, tukawa getini kabla ya saa 3. Mtu wa bodaboda mmoja mjini alitaka kututoza bei ya teksi, tukamwacha na bei yake.

Dakika ishirini za kwanza nilijuta. Upande tulioanzia ni mikaratusi mitupu. Mama alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema: "Hii si msitu. Hii imepandwa kwa mistari kama mahindi." Nikamweleza ile habari ya kuni za garimoshi, akasema basi garimoshi lilishaondoka, wanangoja nini kuing'oa. Kuna mwanamume alikuwa anakimbia karibu yetu, alicheka mpaka akasimama.

Tulipoufikia upande wa miti ya asili akanyamaza. Halafu akaanza kazi. Anagusa, ananusa, anakunja jani. Mingine aliijua kwa jina la kwetu, mingine akasema ni jamaa wa mti fulani wa nyumbani. Akaona muthiga (jina hilo nimelipata kwa mama mmoja Mkikuyu tuliyekutana naye njiani), akatia ukucha kwenye gome ili alionje, maana kwetu hutafunwa kwa kikohozi. Skauti alikuwa mita kumi. Alikuja kwa adabu sana, akamwamkia, akamwambia kwamba mama, hapa hatuchubui miti. Mama akamwuliza kama yeye huwa hakohoi. Wakaongea robo saa. Mwisho skauti ndiye aliyekuwa anauliza na mama anajibu.

Mbega tuliwaona wanne, juu sana. Skauti akasema mbega wa Karura waliletwa kutoka Kipipiri, Nyandarua, kwa kuwa huko walikuwa wanagombana na wakulima. Mama akasema basi nao wamekuja mjini kutafuta maisha.

Maporomoko: KongoweaBoy, nilikumbuka maneno yako, nikamketisha juu na watoto wakateremka nami. Tuliporudi hakuwepo. Nusu nizimie. Alikuwa ameshuka nusu ya njia kwa fimbo aliyoazimwa na Wazungu wawili, na anashangaa sisi tumepita wapi. Leo goti limevimba kidogo, nimelipaka dawa, yeye anasema ni baridi ya huku tu.

Siafu hatukukutana nao. Njia kuu zilikuwa kavu, ila kando ya mto viatu vya watoto vimerudi vyekundu na mpaka sasa havijatakata.

Kwa hiyo kwa anayelinganisha: Karura na mzee inawezekana, lakini usimalize nguvu zake kwenye mikaratusi. Uliza getini njia ya kwenda moja kwa moja kwenye miti ya asili. Na MamaPacha, nimemwambia habari za vibao vya Arboretum, sasa anataka Alhamisi, siku ambayo maharusi hawapo. Anataka kuona kama jina la lusiola, mti wa kwetu, wameliandika ipasavyo.

MamaPacha · Jumapili, saa 2:15 usiku

Hahaha! Mwambie karibu. Na magome ya pale ayaache, kila mti una kibao na kila kibao kina mlinzi.

SkautiMstaafu · Jumapili, saa 2:40 usiku

Akimaliza huko aje Ngong Road. Muhugu nitamwonyesha mimi mwenyewe, na fimbo nitakuja nayo.