Dramu meja wa vikosi vya DCI: wanakumbukwa kwa lipi hasa?

mdundo_wa_pwani:
Wakuu, naomba msaada kwa wanaoyajua mashindano ya DCI (Drum Corps International) ya Marekani, yale ya vikosi vya vijana wa tarumbeta, ngoma na bendera wanaopiga huku wakitembea uwanjani. Kila kikosi kina dramu meja, yaani waongoza muziki kwa mikono, wawili, watatu, wengine hata zaidi, wamesimama juu ya majukwaa, lakini kwenye karatasi ya alama hawana hata safu moja. Sasa wale wanaotajwa miaka nenda miaka rudi wanatajwa kwa lipi? Saluti? Na ile mikono inaongoza kweli, au ni pambo tu na wapiga ngoma ndio wenye mwendo (kasi ya mapigo)? Nipeni vipimo, si sifa tupu. Kuna bendi ya shule inataka kuiga mpangilio huu kwenye uwanja wa kawaida wa mpira.

karatasi_ya_alama:
Alama 100 ziko hivi: 40 za mvuto wa jumla, 30 za mwonekano, 30 za muziki. Safu ya dramu meja haipo, hilo ni kweli. Lakini mwendo ukiyumba, mwamuzi wa tarumbeta anaandika, wa ngoma anaandika, anayechambua muziki anaandika, na wa mvuto naye haachi. Kosa moja la jukwaani linalipiwa kwenye karatasi kadhaa, na hakuna hata moja itakayolitaja jina lake.

Sifa yake rasmi iko pembeni ya alama. Kuna tuzo ya uongozi ya Jim Jones, anayopewa dramu meja mmoja wakati wa ubingwa. Jones ndiye aliyeanzisha kikosi cha Troopers cha Casper, Wyoming, mwaka 1957, na alikuwa miongoni mwa waasisi wa DCI yenyewe. Fainali ya kwanza ya DCI ilikuwa Whitewater, Wisconsin, 1972, wakashinda Anaheim Kingsmen.

Halafu kuna desturi ya mtangazaji kutaja majina ya dramu meja kabla ya onyesho kuanza. Uwanjani wapo vijana hadi 165, ila jina utakalolisikia kwenye spika ni la aliyeko jukwaani. Mashabiki huyajulia hapo.

snea_ya_kati:
Hilo la mikono kuwa pambo nalijibu mimi, maana linasemwa sana na ni nusu ya ukweli.

Uwanja wa futiboli ya Kimarekani una kina cha yadi 53 na theluthi, yaani mita 48.8. Wapiga ngoma wakiwa yadi 40 nyuma ya mstari wa mbele, sauti yao inachukua karibu sekunde 0.11 kufika mbele. Kwa mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.33. Kwa hiyo sauti imechelewa theluthi nzima ya pigo. Dramu meja akiifuata kwa masikio, mkono wake utachelewa, tarumbeta zitaufuata mkono, ngoma zitawangoja tarumbeta, na mwendo utaburutwa mpaka mwisho wa kipande. Hilo ndilo kosa namba moja la dramu meja mgeni: anasikiliza.

Dawa yake ni macho. Mwendo uko kwenye miguu ya mpiga snea (ngoma ndogo yenye sauti kali) wa kati. Dramu meja anaitazama miguu hiyo, anauweka mgoto wa mkono, yaani nukta ambapo pigo linatua, pale mguu unapokanyaga, na mwanga hauchelewi. Wengine wanafuata kulingana na walipo:

- Waliosimama mbele ya ngoma, hasa safu ya marimba na vibrafoni iliyo mstari wa mbele, hawafuati mkono. Wanasikiliza nyuma na kupiga juu ya sauti inapowafikia. Wakifuata mkono watamfikia msikilizaji mapema kuliko ngoma.
- Walio kwenye kina kimoja na ngoma wanatazama mkono, na sikio linathibitisha.
- Walio nyuma ya ngoma wanatazama mkono tu. Wakisikiliza, sauti imewafikia kwa kuchelewa, na yao itachelewa tena kurudi mbele. Hasara mara mbili.

Hapo ndipo wenye jina wanapojitenga na wengine. Ngoma zinahama uwanjani wakati wote, na dramu meja mzuri anajua katika kila kipande miguu atakayoitazama iko wapi, na atamtazama nani ngoma zikinyamaza.

mkuki_2008:
Mahesabu mazuri, lakini mshabiki hakumbuki sekunde 0.11. Anakumbuka kikosi cha Phantom Regiment cha Rockford, Illinois, mwaka 2008, onyesho la Spartacus, mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma. Dramu meja Will Pitts hakubaki kuwa mwongozaji tu, aliingia ndani ya hadithi kama mtawala wa Kirumi. Watumwa wakaasi, vijana wakapaza sauti kwamba kila mmoja wao ndiye Spartacus, na mwisho dramu meja akauawa kwa mkuki mbele ya watu. Fainali ilikuwa Bloomington, Indiana. Phantom 98.125, wapinzani wao Blue Devils 98.100. Tofauti ni 0.025.

Mwenye mamlaka uwanjani ni yeye, kila jicho linamtazama yeye, kwa hiyo uasi dhidi yake haukuhitaji maelezo. Hakuna kikosi kilichomtumia dramu meja kwa akili kuliko pale.

snea_ya_kati:
Sibishi kuhusu mkuki. Ila jiulize: dramu meja akishuka kuigiza, nani anashika mwendo? Wasaidizi. Kazi ngumu ya onyesho la namna hiyo ni kukabidhiana mikono katikati ya muziki bila pigo kupotea. Anayepokea anaanza kuongoza kimya kimya kabla ya anayetoka kushusha mikono, angalau kipimo kimoja cha mapigo manne, ikiwezekana viwili, wote wawili wakiwa wametazama miguu ileile. Ukisubiri mwenzako ashushe ndipo uanze, pigo la kwanza la mpokeaji huwa kubwa na la mapema, na tarumbeta zinaruka nalo.

karatasi_ya_alama:
Na msisahau vipande vya polepole. Mara nyingi ngoma za kutembea hunyamaza hapo, na mkono unabaki kuwa saa pekee uwanjani. Dramu meja anaweza kuirefusha noti makofi yanapopanda, au kuikata. Hatari ni pumzi: noti ikipita ile waliyoizoea mazoezini, wapuliza tarumbeta wa nyuma wanavuta pumzi wakati mmoja na sauti inaanguka. Kwangu mimi, dramu meja anapimwa hapo kuliko kwenye mwendo wa 190.

mdundo_wa_pwani:
Nimeelewa. Sasa majukwaa: moja la kati linatosha? Na mchoro wa mkono wenyewe uweje?

jukwaa_la_pembeni:
Likiwa moja, walio pembeni kabisa watalazimika kugeuza shingo na mstari utapinda. Kwa kawaida la kati liko kwenye mstari wa yadi 50, yaani katikati ya urefu wa uwanja, na mengine mawili hukaa karibu na mistari ya yadi 35, kushoto na kulia. Wa pembeni hawatazami ngoma wala hawasikilizi kitu. Wanamtazama wa kati kwa jicho la pembeni na kuiga mkono wake. Kila mmoja akitafuta mwendo wake mwenyewe, mnapata vikosi vitatu uwanjani. Wapuliza tarumbeta wakigeukia nyuma, msaidizi mmoja anakimbilia nyuma ya uwanja kuongoza kutoka huko, na njia yake lazima iwe wazi kwenye mchoro wa hatua, la sivyo atagongana na wabeba bendera.

Mchoro wa pigo nne: chini, ndani, nje, juu. Migoto yote minne igote kwenye urefu mmoja, usawa wa kifua. Mgoto ukielea, mmoja kiunoni na mwingine begani, aliye mbali haoni pigo liko wapi. Viwiko viwe mbele kidogo ya mwili. Kwa mwendo wa 120 mchoro unaweza kufika upana wa mabega. Ukipanda kuelekea 180, upunguze. Ukipita 200, wengi hubaki na kushuka na kupanda tu. Mkono mpana kwenye mwendo wa kasi huchelewa wenyewe, si suala la mazoezi. Glavu zitofautiane na sare: nyeupe juu ya nguo nyeusi inaonekana, nyeupe juu ya nyeupe inapotea.

Kwenye uwanja uliofunikwa kama Lucas Oil wa Indianapolis, zinakofanyika fainali tangu 2009, sauti inagonga majukwaa ya watazamaji na kurudi. Mwenye kuongoza kwa masikio huko anapotea ndani ya vipimo vichache.

Kwa bendi ya shule: uwanja wa mpira hauna mistari ya yadi, kwa hiyo pigeni chokaa kila mita 4.57. Hizo ni yadi 5, na hatua nane za sentimita 57 zinazimaliza. Jukwaa likiwa na futi sita hadi nane, safu ya nyuma inaona mikono juu ya vichwa vya mbele. Wekeni reli pande tatu na mlifunge kwa mikanda, maana jukwaa linalotikisika linamfanya mtu abane mikono. Mazoezini spika ya metronomu (kifaa kinacholia mapigo ya mwendo) iwekeni nyuma ya wapiga ngoma, si mbele. Ikiwekwa mbele, kila mtu anazoea kusikia mwendo kutoka upande usiokuwepo siku ya mashindano. Dramu meja naye afanye mazoezi na metronomu inayolia vipimo vinne na kunyamaza vinne. Ikirudi kulia na mkono wake haupo, hesabu ni ndogo: yuko mbele au nyuma, na kwa kiasi gani. Aandike kwenye daftari, kipande kwa kipande.