Naomba ushauri: mgongo wa bi mkubwa, diski zimechakaa, osteopathi inasaidia?

Wakuu habari zenu, niko Moshi. Bi mkubwa wangu ana miaka 63, mgongo wa chini unamtesa muda mrefu sana, ni mtu wa Kibosho huyu maisha yake yote kubeba majani ya ng'ombe na ndizi kwenye vile vilima vyetu, sasa akiinama kuinuka ni kazi. Kipimo cha MRI kimeonyesha diski (vile vimto kati ya pingili za uti wa mgongo) za L4/L5 na L5/S1, yaani zile za chini kabisa, zimechakaa ila mishipa ya fahamu haijabanwa sana, dokta kasema opereshen bado. Daiklofenaki, ile dawa ya maumivu, anameza mpaka tumbo linawaka moto na presha anayo, kwa kweli hizo dawa zinanitisha kuliko mgongo wenyewe.

Sasa kuna mshkaji wa Arusha kaniambia kuhusu osteopathi, ile tiba ya mikono ya Mmarekani Andrew Taylor Still. Najua diski iliyochakaa hairudi kuwa mpya, nataka tu apate nafuu alale usingizi. Kuna aliyetibiwa hivyo Arusha au huku? Au nikomae na fizio na mazoezi? Na nitamjuaje aliyesomea kweli, maana Marekani hao ni madaktari kamili ila huku yeyote anaweza kubandika kibao. Wa mafuta ya nyoka piteni tu jamani.