Tupeane uzoefu: njumu, glavu na jezi zilizovunda, unaondoaje harufu bila ya kuviharibu?

Mtunza Vifaa, Chake Chake
Assalaam aleikum wanamichezo wenzangu. Natunza vifaa vya timu ya vijana hapa Chake. Masika yakiingia, chumba chetu hakiingiliki. Mpira umechezwa topeni, jezi zimelowa, njumu zimetiwa guniani, na kesho yake hakuna jua wala upepo. Vifaa hivi havinunuliki kirahisi. Mtoto akipata njumu za mtumba, anataka zimfikishe mwisho wa msimu. Basi tuelezane yaliyofaa kweli, kila mtu na kifaa chake.

Naanza na njumu. Jasho bichi halinuki sana. Kinachonuka ni kazi ya bakteria na kuvu wanaolila jasho hilo penye unyevu na giza. Ndiyo maana kupuliza manukato hakusaidii kitu. Mimi nafungua kamba zote, nanyanyua ulimi wa kiatu, natoa soli za ndani. Hizo ndizo zinazobeba uvundo mwingi, naziosha peke yake kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu. Kiatu chenyewe sikitumbukizi ndooni, nafuta tope kwa kitambaa kibichi. Halafu najaza magazeti ndani na kuyabadilisha kila yakilowa, maana gazeti lililokwisha kunywa maji linageuka kuwa kitu cha kuhifadhi unyevu. Naweka kivulini penye upepo. Zikikauka kabisa ndipo natia bekingi soda kidogo, zinalala nayo, asubuhi naikung'uta. Ni bekingi soda, si magadi. Magadi ni makali kwa ngozi. Na jua la mchana naliogopa: gundi ya soli inaachia na ngozi inakakamaa mpaka inapasuka.

Kipa, Jang'ombe
Wa aleikum salaam kaka. Kwenye jua umesema kweli, na kwetu makipa ni zaidi. Kiganja cha glavu ni mpira laini, kikikaangwa na jua kinakuwa kigumu, kinaanza kumomonyoka, na mpira haushiki tena. Mimi nikitoka uwanjani naziosha hapo hapo nikiwa nimezivaa, kama mtu anayenawa mikono, kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Nasuuza mpaka povu liishe. Sikamui kwa kuzisokota, nabonyeza tu kutoka vidoleni kwenda kwenye kifundo. Zikianikwa, viganja visigusane, vitagandana na ukivitenganisha vinachunika.

Mzamiaji, Nungwi
Kwetu adui ni chumvi. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo suti ya kuzamia iliyotoka baharini bila ya kusuuzwa haikauki, hata uitundike wiki nzima. Inabaki na ubichi ubichi, na humo harufu inazaliana. Dawa ya kwanza ni maji baridi ya mfereji, mengi, nje na ndani. Na tuseme wazi, watu hukojoa humo wakiwa chini ya maji, kwa hiyo kusuuza juu juu hakutoshi. Iroweke kwenye pipa lenye shampuu kidogo ya nywele, isuuze tena, igeuze ndani nje, ianike kivulini. Upande huo ukikauka, igeuze. Usiitundike mabegani kwa henga nyembamba, itavutika. Ikunje kiunoni juu ya gongo nene. Maji ya moto usithubutu, yanaua ule ulaini wake.

Vifaa vya kuvutia pumzi mimi siviponyi nyumbani kwa siki wala soda. Nasuuza kwa maji matamu, na kikinuka nampelekea fundi wake. Pumzi ya mtu iko humo.

Nahodha wa Pete, Mkoani
Kaka zangu, jezi zetu za netiboli ni polista, na polista inashika mafuta ya mwili. Watu wanadhani dawa ni ile maji ya kulainishia nguo yenye harufu nzuri, kumbe ile inaacha utando kwenye uzi na uvundo unajificha chini yake. Ukianza kutoka jasho tu, unarudi. Sisi tumeiacha kabisa. Tunageuza jezi ndani nje, tunaroweka nusu saa kwenye maji baridi yenye kikombe cha siki nyeupe, kisha tunafua kwa sabuni kama kawaida. Hazilali ndooni. Anayepanga kufua kesho, leo azitandaze kwenye kamba hata kama ni chafu.

Kijana wa Amaan
Dada, na jiki je? Si inaua kila kitu?

Nahodha wa Pete, Mkoani
Inaua na mpira wa kiunoni, mdogo wangu, na namba za mgongoni zinababuka. Halafu usije ukaimimina kwenye ndoo yenye siki. Vikikutana vinatoa hewa ya sumu inayochoma kifua.

Mwalimu wa Ngumi, Unguja
Tangu ngumi ziruhusiwe tena hapa Zanzibar mwaka 2022, vijana wengi wameingia, na jozi moja ya glavu wanaivaa kwa zamu. Glavu za ngumi haziroweshwi kamwe. Sponji ya ndani ikinywa maji, inaozea humo humo. Nafuta ndani kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, siki na maji nusu kwa nusu, nazipanua mdomo, naziweka mbele ya feni. Zikikauka natia soksi yenye vipande vya mkaa. Lakini kazi kubwa inafanywa na vitambaa vya kufungia mikono. Kila kijana awe na vyake na avifue kila siku, jasho liishie huko.

Bint Wete
Mama yangu anafukiza nguo kwa udi, nami nikajaribu koti la judo la mdogo wangu. Linanukia usiku mmoja tu kama halikufuliwa kwanza. Likiwa safi na kavu, udi unakaa. Jezi za polista msizisogeze kwenye chetezo, cheche moja inatoboa. Kwenye viatu natumia makonyo ya karafuu, vile vijiti vyake, makavu, yamefungwa kwenye kitambaa. Mafuta ya karafuu siyatii, ni makali na yanaacha doa.

Mtunza Vifaa, Chake Chake
Ahsanteni sana. Makonyo tunayo tele. Gunia naliacha leo, natengeneza kichanja cha mianzi ukutani, hewa ipite chini na juu. Vikinga ugoko nimeshavimaliza: soksi yake inatolewa na kufuliwa, ile plastiki inasuguliwa kwa sabuni, sponji yake ya ndani inafutwa tu. Aliyewahi kuondoa koga kwenye helmeti ya baiskeli atueleze, vijana wa Gombani wananiulizia.