Bingwa wa ubongo amehama, dada bado anafuatiliwa: tukiwa Mafinga tunaanzia wapi?

Mwana_Mufindi
Habari za humu wakuu. Dada yangu ana miaka 38. Aprili 2022 alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam wa uvimbe wa ubongo aina ya meningioma. Majibu ya nyama yalisema daraja la 1, yaani la chini kabisa. Kipande kidogo kiliachwa kwa sababu kimeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu juu ya ubongo. Mionzi hakupata. Amekuwa akipiga MRI kila mwaka, lakini bingwa aliyekuwa anamwona kahama, tumeambiwa tutafute mwingine, basi. MRI ya mwaka huu imeshapitwa na miezi miwili. Anatumia kabamazepini, dawa ya kifafa, na kifafa hakijarudi, kadi ya NHIF iko hai. Mkononi tuna filamu za picha na daftari la kliniki tu. Twende Mbeya, Dodoma, au turudi Dar? Na tukifika kwa daktari mpya tuombe nini hasa?

Fundi_Picha_Uyole
Mji utachagua baadaye mkuu. Anza na picha za zamani, maana bila hizo bingwa yeyote ataanza upya.

Meningioma ya daraja la 1 hukua polepole mno, na nyingine husimama miaka. Ikiwa kila mara msomaji analinganisha na picha ya mwaka jana tu, ataandika "hakuna mabadiliko" kila mwaka huku uvimbe unajiongezea taratibu. Picha mpya inatakiwa ilinganishwe na ya mwaka jana NA ile ya kwanza baada ya upasuaji. Kwa upande mwingine, tofauti ya milimita moja au mbili isiwatoe roho: mgonjwa akilala na shingo imepinda kidogo, au msomaji akipima mahali tofauti, tofauti hiyo inajitokeza yenyewe.

Filamu hazitoshi. Zile ni vipande vichache vilivyochaguliwa kuchapwa, na havipimiki vizuri. Omba CD ya picha zote kwa mfumo wa DICOM (faili halisi za mashine, zinazopimika), za kila MRI, na omba mapema kwa sababu picha za zamani hufutwa kwenye kompyuta za hospitali nafasi ikijaa. Usitoke idara ya mionzi kabla hujaifungua hiyo CD. Yanayotokea mara kwa mara: CD tupu, CD ya mgonjwa mwingine, au seti moja tu ya picha badala ya zote. Ukifika nyumbani nakili kwenye flashi mbili. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haimsaidii bingwa kupima chochote.

MRI mpya iandikwe "kichwa, bila dawa na kwa dawa", yaani gadoliniamu, dawa ya mshipani inayofanya uvimbe uonekane vizuri. Seti zinazohitajika (majina haya watu wa mionzi wanayajua) ni T1 kabla na baada ya dawa, T2, FLAIR, na T1 ya vipande vyembamba vya milimita 1. Bila dawa, kibaki kilichoshikana na mshipa kinajificha. CT isiyo na dawa haiwezi kushika nafasi yake, hata mkiambiwa ni nafuu. Apime kreatinini (kipimo cha figo) kabla, na vibanio vyote vya nywele vibaki nyumbani. Vibati vya titani vinavyofunga fuvu kwa kawaida havina shida, ila avitaje.

Rufaa_Njombe
Naongeza kwa aliyesema hapo juu, karatasi ni zaidi ya picha. Andikeni barua kwa hospitali ya Dar: jina kama lilivyo kwenye faili, namba ya faili, tarehe ya upasuaji, tarehe za MRI. Anayekwenda kuchukua awe na barua ya ridhaa ya mgonjwa na nakala za vitambulisho vya wote wawili, la sivyo atarudishwa mlangoni. Ombeni muhtasari wa kuruhusiwa, ripoti ya upasuaji (ndiyo inayosema kilichobaki ni kiasi gani na kiko wapi) na ripoti ya patholojia (majibu ya nyama).

Sasa wapi. Mko Iringa, na kanda yenu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ina upasuaji wa ubongo, na kutoka Iringa ni lami, kama kilomita 260. Chagueni moja mkae nayo, MRI ipigwe hapohapo kila mwaka ikiwezekana. Kuhamahama ndiko kunakoharibu ulinganisho. Kabla ya nauli, pigeni simu mbili: mapokezi muulize siku ya kliniki ya upasuaji wa ubongo na kama bingwa yupo wiki hiyo, na mionzi muulize kama mashine inafanya kazi na dawa ya gadoliniamu ipo. Watu wengi hujibiwa "mashine ipo", wanafika wanakuta dawa imeisha.

Rufaa ianzie Mafinga, ipite Hospitali ya Mkoa Iringa. Mkiruka ngazi mnaweza kujikuta mnalipa taslimu. Ulizeni pia kibali cha bima kwa ajili ya MRI kabla ya siku yenyewe.

Ratiba ya kumuuliza bingwa: mwongozo wa Ulaya wa 2021 kwa meningioma ya daraja la 1 unasema MRI kila mwaka hadi miaka 5, kisha kila miaka 2. Daraja la 2 ni kila miezi 6 kwa miaka 5 ya mwanzo. Miezi miwili ya kuchelewa kwa dada yako si dharura, ila isifike mwaka. Tena kambi za madaktari bingwa zinazopita mikoani zisiwe ndiyo kliniki yenu, kesho hayupo.

Mtu_wa_Kihesa
Mnamzungusha bure. Kibaki kiko kwenye mshipa mkubwa, mpeleke MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, moja kwa moja. Wamezoea kesi hizi.

Rufaa_Njombe
Kikikua, ndiyo, MOI, na mionzi ikihitajika, Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Kama hakijakua, kwenda Dar kila mwaka kusomewa picha ni kuchoka na kufilisika, na mwisho wake mgonjwa anaacha kabisa kwenda. Bingwa wa kanda akiona mabadiliko ataandika rufaa mwenyewe, na CD itatangulia.

Sista_Ilembula
Dawa hamjazigusa. Za kifafa hazihitaji bingwa wa ubongo kila mwezi, daktari wa hospitali ya mkoa anatosha, na ziwepo za mwezi mmoja wa ziada nyumbani. Asiache ghafla hata kama hajaanguka miaka. Akiona usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa, apimwe sodiamu (chumvi ya damu), kabamazepini huishusha.

Mwana_Mufindi, samahani kwa swali, dada anatumia njia gani ya uzazi wa mpango?

Mwana_Mufindi
Kipandikizi cha mkononi, sista.

Sista_Ilembula
Hapo pana tatizo, na mara nyingi kliniki mbili hazizungumzi. Kabamazepini hupunguza nguvu ya kipandikizi, mimba inaweza kuingia. Fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, hivyohivyo. Wengi wakiambiwa hivyo hukimbilia sindano ya miezi mitatu. Kwa mwenye meningioma si chaguo zuri: utafiti wa Ufaransa uliotoka 2024 ulihusisha matumizi yake ya muda mrefu na meningioma. Kitanzi cha shaba hakigombani na dawa wala uvimbe. Njia nyingine ni daktari kumhamishia levetirasetamu, nayo ya kifafa, ila kwa kupishanisha dozi wiki kadhaa, si kubadilisha leo na kesho. Valproeti, nayo dawa ya kifafa, asipewe akiwa bado wa kuzaa.

Na deksamethasoni isinunuliwe duka la dawa kila kichwa kikiuma. Hushusha uvimbe wa maji siku mbili, halafu inaficha hali halisi ya ugonjwa na kupandisha sukari. Kichwa kinachomwamsha alfajiri na kutapika, kuona maruerue, kulegea upande mmoja, au kifafa kinachozidi dakika 5: hospitali ya karibu usiku huohuo, msisubiri siku ya kliniki.

Mwana_Mufindi
Asanteni sana. Nimepiga simu Dar, wanasema faili halionekani, ripoti ya upasuaji wala ya nyama hawana.

Fundi_Picha_Uyole
Faili likipotea bado kuna njia mbili. Chumba cha upasuaji huwa na rejista yake, waangalie kwa tarehe ile ya Aprili 2022. Maabara ya patholojia nayo ina rejista yake na namba yake, tofauti na ya faili, na kipande cha nyama huhifadhiwa kwenye nta. Ukipata hiyo namba, omba nakala ya ripoti. Ripoti nayo ikikosekana, nta ikatwe upya isomwe tena.